Bibi wa Tindikali na Chungu Chake cha Mwisho

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: katika karakana hii hakuna fundi wa dhahabu anayenifikia, na huko nje bado sijamwona. Dhahabu ikisikia hatua zangu hujikusanya yenyewe chini ya chungu na kukaa mkao wa kusubiri. Sura nzuri ni nyongeza tu, sikuiomba. Ndiyo maana kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wa Bibi, ilizunguka ofisi zote za wenye vyeti, kisha ikarudi kwangu, mimi niliyeiaga shule darasa la sita bila shule kunililia. Walijua ni nani aliyekaa naye chumba kimoja.

Basi, Bibi anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya kutoa dhahabu kwenye bodi za mashine zilizokufa: kompyuta, simu, redio, mizani, na kile kidude cha hospitali ambacho mpaka leo hatujui kilikuwa kinapima nini. Analo jina lake la kwenye cheti, lakini anayelitumia ni mhasibu peke yake. Sisi wengine, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini, tunamwita Bibi, naye mimi huniita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake. Wasichana wa idara ya kupanga bodi msife moyo. Nafasi ndiyo kwanza inafunguka.

Bibi hakuanzia ndani. Alianzia uani, chini ya mabati yanayovuja, kwenye kazi ya kumenya nyaya. Mvua ikinyesha walikuwa wanamenya, na jua likiwaka walikuwa wanamenya. Magoti yake yaliharibikia pale, na kila wingu likitanda huwa anayakanda na kuyatukana kwa majina mawili tofauti, kila goti na lake.

Kutoka uani alihamia meza ya kukata meno. Kwa wageni wetu wa leo nieleze: bodi nyingi zina ukingo wenye vipande vya njano vilivyojipanga kama meno. Hiyo ndiyo dhahabu yenyewe, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, imepakwa juu ya shaba. Siku hizi meno hukatwa kwa mashine. Bibi aliyakata kwa koleo la mkono, miaka na miaka, hadi kidole chake cha shahada kikapinda na kukataa kunyooka. Akikuonyesha mlango kwa kidole hicho, utatokea dirishani.

Kisha likaja suala la chumba cha tindikali. Mzee aliyekuwa anakishika aliondoka na kikohozi, akaenda kwao kupumzika, na habari zilizofuata zilikuwa za msiba. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuingia mle. Meneja wa wakati huo aliwaita wanaume mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Bibi ndiye aliyejipeleka. Alisema amechoka kuona dhahabu inaingizwa mlango mmoja na kutolewa mwingine bila yeye kujua sura yake. Nadhani pia alikuwa amechoka na mvua.

Chumba hicho wengi wenu hamjawahi kukiingia, kwa hiyo niwapeleke. Kipo mwisho wa ujia, baada ya stoo ya betri. Kina taa moja nyeupe inayopepesa, dirisha moja lisilofunguka, meza ya vigae vilivyoliwa na tindikali mpaka vikawa na vishimo kama uso wenye ndui, na ukutani feni ya kunyonya moshi. Kuta zilikuwa za kijani zamani. Sasa sijui niziite za rangi gani. Hata ukiingia asubuhi ya jua kali, mle ni jioni.

Kazi yenyewe ni upishi. Meno yanatiwa kwenye chungu, ambacho si chungu bali ni jagi kubwa la kioo, yanamiminiwa tindikali za aina mbili, yanapashwa moto polepole. Dhahabu inayeyuka na kupotea kabisa, unabaki na maji ya njano kama chai ya mgonjwa. Sasa hapo ndipo penye kazi. Moja ya zile tindikali lazima ifukuzwe yote kwa moto kabla hujatia unga mweupe wa kuiangusha dhahabu. Ukitia unga wakati tindikali imekwisha, dhahabu inashuka chini kama tope la kahawia, unaichuja, unaiyeyusha, unapata kitonge kinachong'aa. Ukitia mapema, chungu kinafoka.

Kujua kama imekwisha kunahitaji pua. Barakoa zetu ni za kitambaa, harufu inapita inavyotaka. Tindikali ikiwa bado ipo, harufu yake inachoma kama pilipili iliyounguzwa. Ikilainika, inakuwa kama sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho. Ikipoa, unasikia mvuke tu, kama nguo inapigwa pasi. Bibi ndiye aliyeziweka harufu hizo katika maneno matatu, *inachoma, imelainika, imepoa*, na ndiye aliyeweka sheria ya chumba: asiyesikia harufu hakai mle, arudi uani akamenye nyaya. Aliiweka baada ya kijana mmoja mwenye mafua kutia unga mapema na kuungua mkono. Hakumwonea huruma. Alimpeleka zahanati, akamrudisha, akamkabidhi kisu cha kumenyea.

Nisije nikaonekana ninaandika habari za malaika. Bibi ana roho ngumu kama kwato. Fundi umeme aliwahi kupita bila kumsalimia, zamani hizo, na mpaka leo akiingia chumbani anaambiwa, karibu mgeni. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo alifukuzwa kwa kosa la kupiga mluzi. Na ubahili wake! Aproni yake ikichakaa haitupwi. Anaichoma, anachuja majivu, anatoa chembe za dhahabu zilizorukia kitambaani. Mwaka mmoja alitoa kitonge cha kutosha kuziba jino, akakiweka mezani kwa meneja na kumwambia kwamba aproni yake imeleta faida kuliko semina nzima ya wakuu wa idara. Meneja alicheka. Wakuu wa idara hawakucheka, na nadhani wawili kati yao hawatacheka hata leo.

Kuna siku msafishaji mpya aliona tope la kahawia kwenye chujio, akadhani ni uchafu, akalifuta vizuri kwa tambara na kulitupa jaani. Ilikuwa kazi ya wiki nzima. Bibi hakupiga kelele. Alivaa mabuti, akaingia jaani mzima mzima, akachambua takataka za karakana yote hadi akalipata tambara lake. Tangu siku hiyo msafishaji yule hafuti kitu chochote bila kuuliza, hata meza ya chakula, hata pua.

Feni ya ukutani iliacha kuzunguka msimu wa mvua nilioajiriwa mimi. Bibi alitoa taarifa. Akaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika akaambiwa wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo imezaa wajukuu sasa. Fundi umeme alikuja, akaifungua, akasema mota imeungua, akaifunga. Bibi alikuwa anaacha mlango wazi, mpaka watu wa stoo ya betri wakalalamika kwamba macho yao yanawasha, tukaambiwa tufunge. Tukafunga. Tulitania kwamba tunafukizwa kama samaki, tutakaa sana bila kuoza.

Mimi aliniomba mwenyewe. Kati ya vijana wote wa uani, alininyooshea kile kidole kilichopinda, na jirani yangu akadhani ameitwa yeye. Alinifundisha kumimina, kupasha, kuchuja, kunyamaza. Hilo la mwisho sikulielewa vizuri. Na kwenye kila chungu, kabla ya kutia unga, aliniuliza swali lile lile.

"Unasikia harufu gani, mume wangu?"

Nikisema inachoma, alisubiri. Nikisema imelainika, alisubiri kidogo. Nikisema imepoa, alitikisa kichwa na kutia unga, na dhahabu ilishuka kila mara. Nilijua ni mtihani. Nikitoka pale nilikuwa ninatamba uani kwamba wenzangu walifanya mtihani mara moja wakafeli, mimi ninafanya kila siku na ninafaulu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote mnalijua, na ambalo kamati ilinishauri nilipitie kwa mbali. Nilimuuliza Bibi mwenyewe. Akasema niandike yote, nisimvishe kilemba cha ukoka.

Chini ya meza ya vigae, Bibi alikuwa ameficha mzigo wa bodi nzee za mtambo wa simu. Zilitengenezwa enzi ambazo dhahabu ilipakwa bila huruma, meno yake ni mazito, ukiyakwaruza kwa ukucha unaona bado njano. Alizitunza kwa ajili ya siku yake ya mwisho. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuomba kitu zaidi ya feni, na sasa aliomba kitu kimoja: apike chungu cha mwisho kwa mkono wake, watu wote wakiona, na aache kitonge kimoja kisafi chenye jina lake kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Alitaka watu wa ofisi waje mlangoni waone kazi inavyofanyika, kwa sababu miaka yote walikuwa wanaona matokeo tu. Na alitoa onyo mapema: siku hiyo mtu asimfundishe kazi.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ujia ulijaa watu na miavuli inayochuruzika. Meneja alikuwa mbele, mhasibu nyuma yake, wasichana wa kupanga wamesimama juu ya makreti. Bibi alivaa aproni mpya. Alimimina, akapasha, akakoroga kwa kijiti cha kioo, hana haraka. Sijawahi kuona mikono yake imetulia vile. Mimi nilisimama kando yake nikiwa nimenyoa vizuri, maana nilijua macho mengine yatakuja kwangu.

Niliona watu wa mlangoni wamejiziba pua kwa mikono na leso. Moyoni nilicheka. Watu wa ofisi hao, nikajisemea, hata mvuke unawashinda. Hakuna aliyesema neno. Nani amsahihishe Bibi kwenye chungu chake?

Bibi aliinua kijiko cha unga. Akautazama mvuke. Akanitazama. Kisha akatia.

Chungu kilifoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, lakini maziwa hayatoi moshi mwekundu. Maji ya njano yalimwagika juu ya meza, yakashuka sakafuni, yakachanganyika na maji ya mvua yaliyoingia na viatu vya wageni, yakaelekea kwenye mfereji. Watu walikimbia wakikanyagana. Nilimshika Bibi mkono nikamvuta nje. Hakuwa anakohoa. Alikuwa anaangalia nyuma.

Pale ujiani meneja aliuliza kwa upole imekuwaje, maana kwa kweli ni mtu mpole. Bibi alijifuta mikono kwenye aproni.

"Ni mimi. Pua yangu imekufa siku nyingi."

Hapo ndipo nilipolielewa lile swali. Halikuwa mtihani. Bibi alikuwa hasikii harufu yoyote, na kwa muda wote huo alikuwa anapika kwa pua yangu. Alivunja sheria aliyoiweka mwenyewe, kwa sababu sheria hiyo ingemrudisha uani, kwenye mvua, na magoti yale. Sikukasirika. Nilijiona nimevimba kifua, kwa kweli. Nikasema, kumbe dhahabu yote ile ni yangu.

Dhahabu haikupotea. Tulizibua mfereji, tukakusanya tope, tukalisafisha, tukaitoa. Lakini mfereji ule una mabaki ya kila chungu kilichowahi kuoshwa mle, kwa hiyo kilichopatikana ni dhahabu ya karakana nzima. Huwezi kuonyesha sehemu ukasema hii ni ya Bibi. Kabati la mapokezi lina kikombe cha mashindano ya mpira na maua ya plastiki. Na tangu siku hiyo ninawasikia mnavyosema mkiwa kwenye foleni ya chakula. Mnasema miaka ishirini na saba imemwagika sakafuni. Mnasema Bibi alitudanganya. Wengine mnasema alipaswa kuondoka mapema, kana kwamba nyinyi mlikuwa mnagombania nafasi yake. Juzi nimemsikia mtu, simtaji, anauliza kama kweli kuna haja ya sherehe.

Chumba nikakabidhiwa mimi. Nilikikubali siku hiyo hiyo, kabla meneja hajamaliza sentensi.

Wiki iliyopita nilimpelekea Bibi vitu vyake alivyoacha: kigoda, kikombe kisicho na mkono, aproni ambayo najua ataichoma. Anaishi kwa binti yake, ghorofa ya tatu, chumba kidogo chenye pazia la bluu na nepi zimeanikwa mpaka juu ya kiti cha wageni. Binti amejifungua karibuni. Bibi alikuwa kitandani amempakata mtoto, na binti yuko jikoni anachemsha maji. Tulizungumza habari za hapa. Aliuliza kuhusu feni. Nikamwambia wiki ijayo, akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha akanikabidhi mtoto. Alimweka mikononi mwangu, akausogeza uso wangu mpaka kwenye tumbo la mtoto, akaniuliza lile swali. Unasikia harufu gani, mume wangu? Nikavuta hewa. Nikajibu haraka kama nilivyozoea, nikasema ananukia maziwa.

Bibi hakutikisa kichwa. Binti akaingia na beseni, akafika katikati ya chumba, akaziba pua kwa kiwiko. Akauliza jamani hatusikii harufu hiyo, mtoto amejichafua tangu lini, shati la mgeni lote limekwisha. Nikatazama. Kweli, shati langu jeupe, lile la sherehe, lilikuwa limelowa kuanzia kifuani mpaka mfukoni. Binti alimchukua mtoto huku akiniomba radhi. Mimi nikacheka, nikasema huyu amenipaka dhahabu ambayo haijachujwa. Binti akacheka pia.

Bibi alisubiri binti atoke.

"Toka mle chumbani, mume wangu," alisema. "Mimi nilikuwa mzee. Wewe je?"

Nikaanza kufungua vifungo vya shati. Alinipa shati la mkwe wake nikavaa, kubwa, linanifika magotini. Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakuniambia lolote kuhusu kile chungu, wala siku ile ujiani hakuniambia, wala kwa meneja hakusema.

Kwa hiyo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa uani na wa ndani, wa mezani na wa getini, asante Bibi. Asante kwa kila chembe uliyoitoa kwenye takataka za watu. Asante kwa matusi, yalikuwa yamenyooka kuliko kidole chako. Tunakuombea magoti yapate mahali pakavu, mjukuu akue na akutanie kunishinda, kama hilo linawezekana, na ukae dirishani asubuhi bila mtu wa kukuita kazini. Ishi vizuri, Bibi, na uishi sana.

Kamati ilitaka niishie hapo. Lakini leo Bibi amekaa mbele yenu kwenye kiti cha heshima, na baadhi yenu mnamwangalia kama mtu aliyeharibu chungu. Siku ile alinitazama kabla ya kutia unga, kama alivyonitazama kila siku, na mimi nilimtikisia kichwa kwamba imepoa. Nyinyi mlioziba pua mlikuwa mnasikia inachoma. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya chungu chenyewe na sikusikia kitu. Pua iliyokosea ni yangu. Naomba chumba kitafutiwe mtu mwingine, ila kabla ya mtu itafutwe feni. Mimi kesho nitakuwa uani na kisu cha kumenyea. Nimejaribu kunusa sabuni, nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu kitunguu, na sijui harufu zilianza kuondoka lini.